"She may say" au "She says he may": kisaidizi kikae upande gani?

Soma sentensi hizi mbili polepole.

"The doctor may say that the child is ill."

"The doctor says that the child may be ill."

Maneno karibu yote ni yale yale. Lakini katika ya kwanza daktari bado hajafungua mdomo. Anayekisia ni mimi ninayeandika, na ninachokikisia ni kauli yake. Katika ya pili daktari keshasema, na shaka ni ya kwake mwenyewe: huenda mtoto anaumwa. Mzazi aliyeletewa ya kwanza anasubiri. Aliyeletewa ya pili ana jambo la kufanya leo hii.

Kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri Kiingereza, na katika sentensi za "alisema kwamba" kosa linalonisumbua zaidi si la tahajia wala la njeo. Ni kisaidizi kilichokaa upande usio wake. Kiingereza kina vitenzi visaidizi tisa vya aina hii: can, could, may, might, must, shall, should, will, would. Vyote vinaweza kukaa upande wa kusema, na vyote vinaweza kukaa upande wa kilichosemwa. Kikiwa upande wa kusema, kinapima tendo la kusema lenyewe: nalazimika kusema, ningesema, naweza kusema. Kikiwa upande wa pili, kinapima habari. Kwa hiyo kabla hujauliza "may au might?", jiulize kwanza: hii shaka, au hili sharti, ni la nani?

Linganisha tena: "He must have said that she left" na "He said that she must have left." Kiswahili kinapanga hivyo hivyo. Lazima alisema kwamba ameondoka. Alisema kwamba lazima ameondoka. Ya kwanza mimi ndiye ninayekisia, ya pili ni yeye.

Kama lugha zetu mbili zinakubaliana hapa, kosa linatoka wapi? Mara nyingi linatoka kwenye uangalifu. Mhandisi anasema wazi, "The bridge is unsafe." Mwandishi hataki kubeba mzigo huo, basi anaandika, "The engineer said the bridge might be unsafe." Amechukua hofu yake mwenyewe akaitia kinywani mwa mhandisi. Msomaji atadhani mhandisi hakuwa na hakika, kumbe alikuwa nayo. Kama mashaka yako ni kwamba hukumsikia vizuri, yaweke upande wako: "The engineer may have said that the bridge is unsafe", au bora zaidi, "As I understood him, the engineer said the bridge was unsafe." Kama ulimsikia vizuri, andika alichosema na umwachie uhakika wake.

Upande wa kusema: must, would, can

Tukianza na kauli za nafsi ya kwanza, ambazo ndizo zinazojaa kwenye barua na mazungumzo, uchaguzi mkubwa ni kati ya "I must say", "I would say" na "I can say". Zote tatu zinaanza kwa mimi, zote tatu zinafuatwa na habari ile ile, lakini kila moja inamweka msemaji mahali tofauti.

"I must admit that I was wrong" ni ndugu wa "sina budi kukiri". Msemaji angependa kunyamaza, ila ukweli unamsukuma. Ndiyo maana must hupenda vitenzi kama admit, confess, agree. "I have to admit" inafanya kazi hiyo hiyo, na katika mazungumzo sioni sababu ya kuchagua moja kwa ukali dhidi ya nyingine. Tofauti inaonekana ukirudi nyuma kwa wakati. "I must say I was disappointed" ni kauli ya sasa kuhusu jambo lililopita. "I had to say I was disappointed" ni habari ya tukio: siku ile nililazimika kusema. Mwanafunzi anayedhani kwamba ni lazima abadili must kwa sababu sentensi inahusu jana, anabadili maana nzima.

Must ina tabia nyingine ya kuzingatia kwenye barua rasmi. "I must ask you to leave", "I must inform you that the contract has ended", "I must thank you": hapo tendo linafanyika papo hapo. Ukishaandika "I must thank you", umeshashukuru. Lakini must katika barua ni nzito. "I must inform you" inasikika kama mlango unafungwa, kwa hiyo itumie pale ambapo habari ni ngumu kweli na unataka msomaji ajue kwamba hukupenda kuileta. Kwa habari njema au ya kawaida, "I am writing to let you know" inatosha.

"I would say she is about forty" haina sharti lolote lililofichwa. Ni njia ya kutoa maoni au makadirio bila kugonga meza, kama sisi tunavyosema "mimi ningesema" au "ningependekeza". "I would suggest", "I would argue", "I would hope": zote zinampa msikilizaji nafasi ya kukataa. Waingereza, hasa wa vizazi vya nyuma, huweka should mahali hapo: "I should think so", "I should imagine they are asleep." Si kosa hata kidogo, lakini msomaji asiyezoea Kiingereza cha Uingereza atasoma "I should think" kama "inanipasa nifikiri". Kama hujui nani atakusoma, would ndiyo salama.

"I can" inakwenda upande wa pili kabisa, haipunguzi bali inaongeza. "I can assure you", "I can confirm", "I can tell you that nobody was hurt": msemaji anasema ninajua, na ninaruhusiwa kusema. Msemaji wa taasisi anayezungumza na waandishi wa habari huchagua "I can confirm" kwa sababu inaonyesha kuwa taarifa imeshapita kwa wenye mamlaka. Lakini kwenye fomu ya kisheria au cheti, acha can. "I confirm that the above is true" ni tendo la kuthibitisha, ilhali "I can confirm" ni uwezo wa kulitenda. Na could ni jambo jingine kabisa: "I could say that he is lazy" ni maneno ya mtu ambaye anakaribia kusema halafu anajizuia. Mara nyingi but inafuata.

Niliwahi kukaa na mwalimu kijana aliyekuwa anaandika barua ya kumpendekeza mwanafunzi wake. Alimpenda mwanafunzi yule na alitaka barua iwe na adabu, kwa hiyo sentensi ya mwisho aliiandika hivi: "I would recommend her for the scholarship." Akatulia. Nikamwomba aisome kama mtu mwenye barua mia mezani. Would recommend, kama nini? Kama asingekosa masomo? Kama pangekuwa na nafasi? Adabu aliyoitia imegeuka kuwa mwanya wa shaka. Tukaandika matoleo mawili mengine chini yake. "I can recommend her" ilisema anatosha vigezo, na hakuna zaidi. "I recommend her" ilisema ninampendekeza, sasa, kwa jina langu. Akachagua hiyo ya mwisho na kuongeza strongly, kwa sababu ndivyo alivyoamini.

Would inarudi kuwa nzuri mahali hapo ikishikiliwa na maneno yanayoziba mwanya: "I would recommend her without hesitation", "I would not hesitate to recommend her." Ikiwa peke yake kwenye pendekezo, iache. Katika makadirio na maoni, itumie bila hofu.

Kanusho hapa linahitaji jicho kali. "I would say he isn't lazy" ni maoni kamili: si mvivu. "I wouldn't say he is lazy" ni dhaifu zaidi. Nakataa neno hilo tu, na huenda nina neno jingine karibu nalo. "I can't say I enjoyed the film" ni njia ya upole ya kusema sikuifurahia. Lakini "I can't say whether he was there" ni kukiri kwamba sijui, au kwamba siruhusiwi kusema. Kinachozitofautisha ni kitu kinachofuata: that, hata ikiwa imeachwa, inaelekea kwenye maoni, whether inaelekea kwenye kutojua. Na "He may not say" iepuke kabisa katika maandishi, maana inasomeka kuwili, huenda asiseme na haruhusiwi kusema. Andika "He might not say" kwa ya kwanza na "He is not allowed to say" kwa ya pili.

Upande wa kilichosemwa: will au would

Hapa Kiswahili hakitusaidii tena, kinatuvuta. Sisi tunasema "Alisema atakuja", na -ta- inabaki -ta- hata kama alisema mwaka jana. Tukiigeuza kuwa "Alisema angekuja" tumeingiza sharti, na msikilizaji atauliza, ni nini kilimzuia? Kwa hiyo ni jambo la kawaida kabisa kwa Mswahili kuandika "He said he will come" kila mahali, na kuiogopa would kwa sababu kichwani mwake would ni -nge-.

Je, "He said he will come" ni kosa? Si kila mara. Kama siku ya kuja bado iko mbele na wewe unaona ahadi ingali hai, Kiingereza kinaikubali: "She said she will call tomorrow." Kama siku imepita, haikubaliki. "She said she would call, but she didn't." Ukitaka chaguo moja la kushika, shika would. Inafaa siku ikiwa mbele na inafaa siku ikiwa imepita, ilhali will inafaa upande mmoja tu. Kwenye ripoti itakayosomwa miezi mingi baadaye, hiyo ni sababu tosha.

Would ina udhaifu wake, na ni haki niutaje. "She said she would help" inaweza kutoka kwa mtu aliyesema "I will help" na pia kwa aliyesema "I would help". Wa kwanza ameahidi, wa pili ametaja sharti. Katika usemi wa taarifa zinafanana, kwa sababu would, could, should, might na ought to hazibadiliki tena zikishafika hapo. Kama palikuwa na sharti, liandike: "She said she would help if she had the time." Kama ilikuwa ahadi, badili kitenzi cha kusema chenyewe: "She promised to help." Mara nyingi dawa ya utata wa kisaidizi ni kitenzi bora cha kusema.

Can kwenda could hufuata mwendo huo huo na haina la kuongeza. May inataka uangalifu mdogo. May ya uwezekano inakuwa might: "It may rain" inakuwa "He said it might rain." May ya ruhusa usiipeleke huko. "You may go" ukiiripoti kama "She said we might go" msomaji atasikia uwezekano, kwamba huenda tukaenda. Tumia "She said we could go." Na shall ikiwa swali, tazama ilikuwa ya nini: "Shall I open the window?" inakuwa "He asked if he should open the window", lakini "When shall I know?" inakuwa "He asked when he would know." Ya kwanza alikuwa anajitolea, ya pili alikuwa anaulizia wakati ujao.

Must, had to, would have to

Hiki ndicho kisaidizi kigumu kuliko vyote katika usemi wa taarifa, na ugumu wake una historia. Can ina could, may ina might, shall ina should, will ina would. Must haina mwenzake, kwa sababu yenyewe ilizaliwa ikiwa ya wakati uliopita. Katika Kiingereza cha kale ilikuwa mōste, umbo la wakati uliopita la kitenzi mōtan. Umbo la wakati uliopo likafa, hili likabaki likifanya kazi za sasa. Ndiyo maana inaweza kukaa baada ya said bila kubadilika na sikio la Mwingereza lisishtuke.

Mtu akiambiwa "You must pay by Friday", anaweza kuripoti kwa njia tatu. "They said I must pay by Friday" inabakiza amri ikiwa na ukali wake, na inasikika kama ingali inamfunga. "They said I had to pay by Friday" inaeleza wajibu bila kuupandisha sauti. "They said I would have to pay by Friday" inaupeleka wajibu mbele, wakati mwingine kwa kutegemea jambo fulani, kwa mfano kama angetaka kubaki na chumba. Kwa maandishi ya kawaida mimi huchagua had to. Must naiweka pale ninapotaka msomaji asikie sauti ya aliyeamuru.

Ila had to ina mpaka. Must ya kukisia haibadiliki: "You must be tired" inakuwa "She said I must be tired", basi. Ukiandika "She said I had to be tired", msomaji ataona mtu anayelazimishwa kuchoka.

Mahali penye hatari ya kweli ni kanusho. Nilipewa muhtasari wa kikao nihariri, na mwenyekiti alikuwa amesema, "Members must not speak to the press." Katibu, akijua kwamba must huwa had to, akaandika: "The chair said that members did not have to speak to the press." Kanuni aliifuata vizuri, lakini katazo likageuka hiari. Kwa Kiswahili tofauti hii hatuikosei, maana "wasiseme" na "si lazima waseme" ni mbali kama mlango uliofungwa na mlango ulio wazi. Kiingereza kinaitenganisha kwa neno tu. Katazo liripoti kwa "must not", "were not to" au "were not allowed to". "Did not have to" ibaki ya needn't, pale aliyesema aliondoa wajibu. Muhtasari ule ulirekebishwa kabla haujasambazwa, na tangu hapo kila "did not have to" ninayoikuta kwenye ripoti naifuatilia hadi kwenye maneno ya awali.

Ukipendekeza, usilazimishe

Suggest, recommend, insist, demand zina utaratibu wao. "The board recommended that he should resign" ni ya kawaida Uingereza. "The board recommended that he resign", kitenzi kikiwa kitupu bila -s, ndiyo inayopendwa Marekani na imeenea kwenye maandishi rasmi kwingine. Zote mbili ni sahihi. Kitenzi kitupu ni kifupi na hakikosewi na wasomaji wa pande zote mbili. Isiyofaa ni "recommended that he must resign", maana anayependekeza hana amri. Insist ina mtego wake: "She insisted that he was present" ni kushikilia kwamba alikuwepo, na "She insisted that he be present" ni kudai ahudhurie. Na suggest ikiwa na maana ya kuashiria haitaki should kabisa: "The results suggest that the drug works."

Kauli zisizo na mwenyewe

Katika insha za vyuo, "It can be argued that" inasema hoja ipo na ina miguu. "It could be argued" na "It might be argued" zinasema hoja ipo lakini mimi sijasimama upande wake. Msomaji anaanza kutafuta but. Kwa hiyo kama hoja ni yako, usiianze kwa could. Andika "I argue that", au can ikiwa idara yako haipendi neno "I". "It should be noted" ni mkono begani, "It must be remembered" ni agizo kwa msomaji, litumie mara moja tu katika kazi nzima. Na ukishaweka tahadhari upande wa kusema, usiirudie upande wa pili: "It could be argued that this might suggest" ina tahadhari tatu na haina kauli. Chagua upande mmoja.

Kuna mahali visaidizi vinakataa kuingia. "It is said that he can read six languages" ukitaka kuifupisha kwa "He is said to", can inaachwa nyuma kwa sababu haina umbo linalofuata to. Inakuwa "He is said to be able to read six languages." Kwa must inatokea "is said to have to", inayokwaza ulimi. Hapo rudi kwenye "It is said that he must" na usione haya kwa urefu wake.

Imebaki would moja ambayo haipunguzi makali, inayaongeza. Mwaka 1963, mahakamani London, Mandy Rice-Davies, shahidi katika kesi iliyotokana na kashfa ya kisiasa, aliambiwa kwamba bwana mmoja mwenye cheo ameyakana maneno ambayo Mandy aliyasema juu ya bwana huyo. Akajibu, "He would, wouldn't he?" Yaani, ulitarajia aseme nini kingine? Kishazi cha kusema hakikutajwa hata, kisaidizi peke yake kilikibeba. Would hii inaishi kwa mkazo wa sauti. Kwenye karatasi mkazo haupo, na "He would say that" inaweza kusomwa kama "angesema hivyo" tu. Nikiikuta katika mahojiano naiacha na mkia wake wa wouldn't he, maana mkia ndio unaobeba sauti. Nikiikuta katika ripoti bila mkia, namwomba mwandishi aibadili iwe "Of course he says that", au aifute.